BAMBA LA MBIZI NA CHUBWI
Jinsi ya kuupeleka mshipi chini chombo kinapokwenda

Kila mvuvi wa nje ya mwamba ajua ya kuwa nguru, jodari na kolekole hawakai mahali pamoja mchana kutwa. Alfajiri na jioni hupanda juu kufukuza dagaa, na saa hizo mtu arambazaye, yaani avutaye mshipi nyuma ya chombo kiendacho, aweza kupata riziki yake kwa ndoana ipitayo karibu na uso wa maji. Lakini jua likiisha kupanda, na maji ya juu yakiisha kupata mwanga mwingi na joto, aghalabu samaki hushuka. Hapo chombo chaweza kupita juu yao mara kumi, na chambo kikapita mbali na vichwa vyao, wala wasijishughulishe nacho. Mvuvi hurudi pwani akisema bahari leo haina kitu, kumbe samaki walikuwapo pima 8 au 10 chini ya chombo chake.

Basi swali ni hili: mshipi upelekweje chini hali chombo chaenda mbele? Majibu yaliyo mashuhuri ni mawili. La kwanza ni uzito, yaani chubwi. La pili ni bamba lililotengenezwa kwa namna ambayo maji yenyewe hulisukuma chini. Yafaa jambo hili lieleweke vizuri, maana wavuvi wengi siku hizi wamejiunga katika vyama na vikundi vya pwani, nao huchanga fedha kwa shida ili wanunue vyombo vya kuvulia nje, mahali ambapo samaki wa mwamba waliopungua hawatabughudhiwa zaidi. Wazee na walimu huulizwa shauri. Fedha ikiisha kutoka imekwisha kutoka, na chombo kisichofaa huning'inia ukutani kikiota kutu. Tena vyombo hivi vina nguvu, na nguvu isiyofahamika hukata vidole.

NJIA YA CHUBWI

Kufunga uzito katika mshipi ni jambo la zamani sana, na kila mtoto wa pwani ajua kulifanya. Uzito uliotumiwa kwanza ni jiwe, kisha ikaja risasi. Na tofauti ya vitu hivi viwili ni kubwa kuliko watu wadhanivyo. Kitu kikiwa majini hupunguziwa uzito kadiri ya maji kilichoyaondoa mahali pake. Jiwe gumu la ratili 10 likitumbukizwa baharini hubaki na uzito wa ratili 6 tu, au zaidi kidogo. Jiwe la matumbawe lenye matundu hubaki na uzito mdogo kuliko huo. Chuma cha ratili 10 hubaki na ratili 8 na nusu na zaidi kidogo. Risasi ya ratili 10 hubaki na ratili 9. Kwa hiyo risasi ndiyo iliyopendwa na wavuvi wa nchi zote.

Huko Marekani na Kanada wavuvi waliendelea zaidi. Walifanya winchi ndogo yenye waya mwembamba wa chuma, na mwisho wa waya wakatia tufe la risasi, ambalo kwa kawaida huwa na uzito wa ratili 8 hata 15. Winchi hufungwa ukingoni mwa chombo, nayo ina mkono utokao nje ili waya usikwaruze ubavu, na saa ndogo ihesabuyo urefu wa waya uliokwisha kushuka. Mshipi wa kuvulia haufungwi katika tufe. Hubanwa tu kwa kibanio. Samaki akimeza chambo huuchomoa mshipi katika kibanio, na mvuvi hupigana na samaki peke yake, bila uzito wowote katikati. Kazi hii ilistawi hasa katika Maziwa Makuu ya Marekani ya Kaskazini, baada ya serikali ya jimbo la Michigan kutia samaki wa bahari ya Pasifiki waitwao salmoni katika mito ya Ziwa Michigan mwaka 1966. Samaki wale hupenda maji ya baridi ya kadiri fulani, na wakati wa joto hushuka kuyafuata, hata mvuvi akawa hana budi kupeleka chambo chake pima kadha wa kadha bila kukosea.

Kwa kazi ile winchi ni chombo chema sana. Salmoni huvuliwa kwa mwendo wa polepole, kiasi cha maili mbili au tatu za baharini kwa saa. Lakini nguru wa kwetu hufuatwa kwa mwendo mkubwa zaidi, mara nyingi maili 4 hata 7 kwa saa. Hapo ndipo taabu ya chubwi inapoanzia.

KWA NINI CHUBWI HUSHINDWA MWENDO UKIZIDI

Mtu akisimama katika mto uendao polepole aweza kujizuia. Maji yakienda mbio huangushwa. Nguvu ya maji haiongezeki sawasawa na mwendo, huongezeka zaidi. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya maji huwa mara nne. Mwendo ukiwa mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Lakini uzito wa risasi hauongezeki hata kidogo.

Na tupige hesabu. Tuseme risasi yetu ina uzito wa ratili 9 majini, na chombo chaenda maili 2 kwa saa. Tuseme tena ya kuwa maji huvuta risasi na waya wake nyuma kwa nguvu ya ratili 3. Uzito washinda, na waya washuka karibu wima. Tukitoa waya pima 20, risasi itakuwa kama pima 19 chini.

Sasa nahodha aongeza mwendo hata maili 4. Nguvu ya maji yawa ratili 12, na uzito ni zile zile 9. Waya walala nyuma, na risasi yetu sasa i pima 12 tu. Aongeza tena hata maili 6. Nguvu ya maji yawa ratili 27, mara tatu ya uzito, na risasi yapanda hata pima 6 na kitu. Hesabu hii ni ya kadiri tu, maana waya wenyewe hupinda, wala haukai kama fimbo iliyonyoka. Lakini yaonyesha jambo lenyewe. Pima zile 20 zilizoandikwa katika saa ya winchi ni urefu wa waya, si kina cha chambo. Mvuvi aliyeamini saa ile peke yake amekwisha kudanganyika.

Mtu atasema, «Basi na tuongeze risasi.» Yawezekana, lakini risasi ya ratili 30 juu ya chombo kidogo ni hatari. Bahari ya kusi ikichafuka, tufe likiwa juu ya maji hupepea na kupiga ubavu au goti la baharia. Likinasa katika mwamba huku chombo chaenda, waya wa chuma haukatiki upesi. Huvuta tezi chini, na wimbi lijalo nyuma laweza kuingia ndani.

BAMBA LA MBIZI NI TIARA YA MAJINI

Jibu la pili mwalimu aweza kuwaonyesha watoto wa shule bila kwenda baharini. Na atazame tiara, ambayo wengine huiita kishada. Karatasi ile haina injini wala mabawa ya kupiga, lakini yapanda mbinguni. Kwa nini? Kwa sababu uzi wake umefungwa kwa namna ambayo karatasi hukaa kwa kuinama mbele ya upepo. Upepo hupiga upande wa chini, ukakengeuka kwenda chini, na karatasi ikasukumwa juu. Uzi ukifungwa katikati kabisa, hata karatasi isiweze kuinama, tiara haipandi.

Bamba la mbizi ni tiara iliyopinduliwa. Ni kipande cha bati nene la chuma kisichoota kutu, au cha shaba, na mbele yake pana risasi kidogo ya kuinamisha pua. Juu yake pana waya mgumu uliopindwa, na juu ya waya huo pana pete iwezayo kuteleza. Mshipi utokao chomboni hufungwa katika pete. Pete ikiwekwa mahali pake pa kutegea, bamba hukaa limeinamisha pua. Maji hupiga upande wa juu, na bamba huzama kwa nguvu, likivuta mshipi pamoja nalo. Nyuma ya bamba hufungwa ugwe wa nailoni wa pima 3 hata 5, na mwisho wa ugwe ndoana na chambo.

Ufundi mkubwa u katika ile pete. Samaki akimeza chambo na kuvuta ugwe kwa nyuma, bamba hupinduka kidogo, na pete huteleza kutoka mahali pake. Sasa mshipi wavuta bamba kwa namna nyingine. Bamba lalala sawasawa na maji, halizamii tena, na lapanda juu pamoja na samaki. Wavuvi husema limefyatuka, kama mtego.

Wazo hili si geni duniani. Nyavu kubwa za kukokota zilianza kufunguliwa kwa mbao mbili za namna hiyo katika miaka ya 1890 huko Uingereza. Maji husukuma mbao zile, moja kulia na moja kushoto, na mdomo wa wavu hubaki wazi bila boriti. Ndivyo zifanyavyo hata meli zivutazo kamba katika ghuba ya Ungwana. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, ofisa wa manowari za Kiingereza aitwaye Burney alishiriki kutengeneza chombo kilichovutwa kando ya meli, chenye bawa la kukipeleka mbali na ubavu, ili waya wake ukamate na kukata minyororo ya mabomu ya baharini. Bamba la mvuvi ni ndugu mdogo wa vyombo hivyo. Katika pwani ya mashariki ya Marekani, tangu Carolina hata Florida, limetumiwa sana na wavuvi wa nguru, hata wale wafanyao kazi hiyo kwa kuuza sokoni.

FAIDA NA GHARAMA YAKE

Na turudie hesabu yetu. Tuseme bamba, likiwa katika mwendo wa maili 2, lasukumwa chini kwa nguvu ya ratili 9, na kuvutwa nyuma kwa ratili 3. Kwa mwendo wa maili 4, nguvu ya kulisukuma chini yawa ratili 36, na ya kulivuta nyuma yawa 12. Kwa maili 6 zawa 81 na 27. Msomaji atazame: katika kila mwendo nguvu ya kuzamisha ni mara tatu ya nguvu ya kurudisha nyuma. Kwa hiyo mshipi hauinuki kama ulivyoinuka wa chubwi. Yale maji yaliyomshinda mwenye risasi ndiyo yamsaidiayo mwenye bamba.

Lakini hakuna kitu cha bure. Mkono ulioshika mshipi wa risasi katika mwendo wa maili 6 ulivutwa kwa ratili 28 hivi. Mkono ulioshika mshipi wa bamba hili utavutwa kwa ratili 85, na samaki bado hajaja. Faida ya bamba na hatari yake zatoka katika chemchemi moja. Bamba dogo huvuta kidogo na kushuka kidogo. Bamba kubwa huvuta sana. Mabamba huuzwa kwa nambari, na kadiri nambari iwavyo kubwa, ndivyo bamba liwavyo pana.

Hasara nyingine ni hizi. Bamba halikai katika kina kimoja kabisa kama tufe la winchi katika mwendo wa polepole. Chombo kikipunguza mwendo, nguvu yake hulegea. Mshipi ukilegea kabisa, pete huweza kuteleza. Majani ya bahari yakinasa katika ndoana, bamba hufyatuka kana kwamba ni samaki. Tena samaki mdogo hana nguvu ya kulifyatua, na mvuvi aweza kumkokota saa nzima asijue.

JINSI YA KULITUMIA

1. Tumia mshipi mnene na wenye nguvu. Mshipi wa kuvulia vibua usiutumie, maana utakatika siku ya kwanza na bamba litapotea.

2. Usizungushe mshipi mkononi kamwe, wala kiunoni. Ufunge katika mti imara wa tezi, na kisu kiwe karibu. Katika ngalawa usiufunge katika mti wowote wa ubavuni, maana mvuto wa upande mmoja hugeuza chombo na kukilaza.

3. Kati ya mti na mshipi funga ukanda wa mpira, kama ule uliokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu la gari. Mpira hupunguza mshtuko samaki anapouma, tena ni mjumbe mwaminifu: bamba likiwa limezama, mpira hunyoka, bamba likifyatuka, mpira hulegea mara moja. Mshipi uwe na urefu wa akiba kando ya mpira, ili mpira ukikatika usipoteze kila kitu.

4. Tega pete, kisha shusha bamba majini polepole huku chombo chaenda kwa mwendo mdogo. Toa mshipi bila kuulegeza na bila kuushtua. Ukitaka kuzuia, zuia taratibu.

5. Pima mshipi nchi kavu kwanza, na kila pima 5 funga uzi wa rangi. Kisha tafuta mahali penye mchanga mtupu, ukapime kina kwa bildi. Pita hapo kwa mwendo wako wa kawaida, ukitoa mshipi kidogo kidogo hata bamba liguse mchanga na kufyatuka. Hapo utajua ya kuwa pima kadha za mshipi, kwa mwendo ule, ni pima kadha za kina. Andika. Fanya hivyo kwa mahali pawili au patatu, na utakuwa na hesabu yako mwenyewe, iliyo bora kuliko karatasi ya dukani. Usijaribu juu ya mwamba.

6. Chombo kikigeuka, mshipi wa upande wa ndani huenda polepole, na wa nje huenda mbio. Geuka kwa duara pana, la sivyo mishipi itasokotana.

7. Samaki akija, vuta bamba hata lifike chomboni, kisha liondoe au uliweke kando, na kumalizia ugwe kwa mikono. Hapa ndipo wengi wapotezapo samaki, kwa haraka zao. Nahodha asisimamishe chombo kabisa. Mshipi ukilegea, ndoana hutoka.

8. Kumbuka rangi. Nyekundu ndiyo rangi ifayo kwanza majini. Kufika pima 5 au 6 huonekana kama nyeusi. Chambo cheupe au chenye kung'aa kama fedha huonekana zaidi huko chini.

IPI INUNULIWE?

Wenye chombo cha injini kiendacho polepole, wenye fedha, na watakao kina kisichobadilika, winchi yenye tufe itawafaa. Wapigao mshipi wa kusimama juu ya mwamba, chubwi la kawaida latosha, wala hawana haja ya bamba. Lakini kwa wenye ngalawa na mashua wanaorambaza kwa tanga au kwa injini ndogo, kwa mwendo wa maili 4 hata 6, bamba la mbizi lastahili kujaribiwa kwanza. Bei yake ni ndogo kuliko ya winchi, halitaki kutobolewa ubao wa chombo, na mtu mmoja aweza kulibeba. Kikundi chenye fedha ya winchi moja chaweza kununua mabamba ya nahodha kadha, na moja likipotea katika mwamba, kazi haikusimama.

Hata hivyo shauri la busara ni kuanza na bamba dogo, kwa mshipi mmoja, chombo kimoja, mwezi mmoja. Chombo cha pili kirambaze juu kama desturi, siku zile zile na mahali pale pale. Mwalimu wa karibu aweke daftari: saa ya kutoka, saa ya kurudi, samaki wangapi, uzito gani, mafuta kiasi gani. Mwezi ukiisha daftari lisomwe mbele ya wote kabla fedha ya chama haijatoka. Bamba haliwezi kuleta samaki mahali ambapo hawapo, wala halimfundishi mtu kujua mikondo na majira. Maarifa hayo ni ya wazee, nayo yabaki kuwa ya kwanza. Kazi yake ni moja tu: kukipeleka chambo mahali samaki walipo, saa ile ambayo zamani nahodha alikuwa akisema, «Jua limepanda, turudini.»